Mwanga unaijuaje sukari? Jibu kwa mwalimu wa kemia wa Tanga

Mwalimu mmoja wa kemia kutoka Tanga ameniandikia hivi:

"Mke wangu ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Anatumia insulini na anajichoma kidole mara nne kwa siku. Dada yake anayeishi Ujerumani aliwekewa kidude chini ya ngozi ya mkono, kidogo kama kidonge, kinachompimia sukari kwa mwanga, na kinakaa humo kwa miezi. Nimesoma kwamba ndani yake mna molekuli zinazong'aa ambazo 'zimefungwa mahali pamoja'. Nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, lakini nimeshindwa kumweleza mke wangu mambo mawili: mwanga unaijuaje sukari, na kwa nini hizo molekuli lazima zifungwe? Kama kuna jambo ninaloweza kuwaonyesha wanafunzi, naomba pia. Na uniambie ukweli: mke wangu asubiri kidude hicho ili aache kujichoma?"

Mwalimu, nianze na hilo la kufungwa, kwa sababu watu hulipita haraka na ndilo lililobeba shauri zima. Kupata molekuli inayobadilika mng'ao ikikutana na glukosi, yaani sukari ya damu, si kazi ngumu tena, maabara nyingi zinaiweza. Kazi ni kuishika molekuli hiyo isiende popote, na papo hapo kuiachia nafasi ya kutosha ifanye kazi yake. Wewe ni mtu wa pwani, umeona ngalawa zikifungwa. Anayefunga kwa kamba fupi wakati maji yamekupwa atakuta chombo kimezama bamvua likijaa, maana kamba imekizuia kupanda na maji. Anayefunga kilegevu atakuta chombo kimekwenda na mkondo. Mashaka yote ya biosensa ya glukosi, yaani kihisi kinachotumia molekuli inayoitambua glukosi, yako hapo, kati ya kamba fupi na kamba legevu.

Sasa mwanga. Mwanga wenyewe haujui sukari hata kidogo. Glukosi haina rangi, na ukiimulika haing'ai. Kwa hiyo lazima apatikane shahidi: molekuli inayoweza kuishika glukosi na, ikishaishika, ibadilishe namna inavyong'aa. Mwanga unakwenda kumuuliza shahidi na kurudi na jibu.

Kung'aa kwenyewe umekuona mara nyingi. Mwenye duka akiweka noti chini ya ile taa ya kukagulia, alama zilizofichika zinawaka. Wino ule unapokea mwanga wa urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni, kisha unaurudisha ukiwa mwanga unaoonekana, wenye urefu wa wimbi mkubwa zaidi, kwa sababu sehemu ya nishati imepotea njiani kama joto. George Stokes wa Cambridge aliueleza mwenendo huu mwaka 1852 na kuupa jina la fluoresensi. Moja ya vitu alivyovichunguza ni kwinini, dawa ileile chungu ya malaria. Kati ya kupokea mwanga na kuurudisha hupita nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) chache tu. Katika muda huo mfupi, molekuli iliyosisimka ikiguswa na jirani wa aina fulani, nishati hutoka kimyakimya na mng'ao unazimika. Huo mlango wa kuwaka na kuzimika ndio tunaoutumia kupimia.

Shahidi wa zamani kuliko wote ni kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi. Leland Clark na Champ Lyons walikitumia kwenye elektrodi mwaka 1962, na mwaka 1967 Updike na Hicks wakakifungia ndani ya jeli ya poliakrilamidi. Kinachukua glukosi na oksijeni, kinatoa asidi ya glukoni na haidrojeni peroksaidi. Ukitaka kukitumia kwa mwanga, unaweka kando yake rangi yenye metali ya rutheni, ambayo oksijeni huizima mng'ao. Sukari ikiwa nyingi, oksijeni inaliwa zaidi, na rangi inawaka zaidi. Ni njia nzuri kwenye chupa ya maabara. Mwilini ina kasoro: katika majimaji ya chini ya ngozi oksijeni ni kidogo sana kuliko glukosi, kwa hiyo kimeng'enya hukwama kwa kukosa oksijeni wakati sukari bado ipo tele, na kipimo kinasoma chini ya ukweli.

Ndiyo maana mimi nawapenda zaidi mashahidi wanaoshika glukosi na kuiachia, bila kuila. Bakteria wa utumbo, E. coli, ana protini ya kushikia glukosi iliyo kama chaza: pande mbili zenye bawaba katikati, na glukosi ikiingia zinafumba. Kwa asili protini hii haina sisteini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, hata moja, nayo ni bahati kubwa kwetu, kwani unaweza kupachika sisteini moja mahali unapopataka na rangi ya fluoresensi ikashika hapo tu, si kwingine. Chaza akifumba, mazingira ya rangi yanabadilika na mng'ao nao unabadilika. Jonathan Marvin na Homme Hellinga walilionyesha hilo vizuri mwaka 1998. Lakini protini ya asili inashika glukosi kwa nguvu kupita kiasi. Inajaa nusu pale glukosi inapokuwa takriban mikromoli 0.2 kwa lita, ilhali damu ya mtu asubuhi kabla ya kula ina kama milimoli 5 kwa lita, yaani mara 25,000 zaidi. Shahidi huyo angesema "imejaa" asubuhi, mchana na usiku. Ilibidi watafiti wabadilishe asidi amino kadhaa ili mshiko ulegee mpaka ufike kwenye viwango vya damu ya binadamu.

Hapo sasa ndipo kufunga kunapoingia, na naomba nikae hapo kidogo.

Protini ikielea huru kwenye majimaji ya mwili, itasombwa, italiwa, au kinga ya mwili itaishambulia. Hata ikisalimika, idadi yake mbele ya mwanga itakuwa inabadilika. Nguvu ya mng'ao inategemea mambo mengi pamoja: kuna glukosi kiasi gani, kuna mashahidi wangapi, taa ina nguvu gani. Mashahidi wakipungua bila wewe kujua, mashine itasoma kana kwamba sukari ndiyo iliyopungua. Kufunga kunaifanya idadi yao iwe kitu unachokijua.

Tena kuna mahali ambapo bila kufunga hakuna kipimo kabisa. Mwaka 1982 Jerome Schultz na wenzake walichapisha kihisi walichokitengeneza kwa mrija mwembamba kama unywele, wenye ukuta unaopitisha glukosi. Ndani ya ukuta walifunga konkanavalini A, protini ya aina moja ya maharage, Canavalia ensiformis, ambayo hushika sukari. Ndani ya mrija wakatia dekstrani, mnyororo mrefu wa glukosi, iliyobandikwa rangi inayong'aa. Uzi wa kioo ulimulika katikati ya mrija tu, haukuona ukutani. Glukosi ikiwa kidogo, dekstrani inang'ang'ania ukutani, gizani. Glukosi ikiingia kwa wingi, inagombea nafasi zile, dekstrani inabanduliwa na kutoka katikati kwenye mwanga, na mng'ao unapanda. Konkanavalini isingefungwa ukutani, gizani na mwangani pasingekuwa na tofauti. Kila nikiusoma mpango ule naona uzuri wake upya.

Namna za kufunga ni nyingi. Rahisi kuliko zote ni kuiacha protini inate yenyewe juu ya plastiki au kioo. Nilipoanza kazi hii nilifanya hivyo. Nilitia glukosi kwenye visahani vyangu, mng'ao ukapanda, nikaamini nimefika. Baada ya wiki sita nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza: nikatia maji ya bafa (yanayotunza kiwango cha asidi) matupu, bila glukosi. Mng'ao ukapanda vilevile. Rangi zilizobanana juu ya plastiki zilikuwa zinazimana zenyewe kwa zenyewe, na zilipobanduka na kuelea zikawaka. Nilikuwa napima kubanduka, nikidhani napima sukari. Tangu hapo, mwanafunzi yeyote anayeniletea mchoro mzuri namwomba kwanza mchoro wa maji matupu.

Ukitaka kamba imara, unafunga kwa kifungo cha kovalenti, cha kushirikiana elektroni, mara nyingi kupitia lisini, asidi amino nyingine za protini. Sasa haitabanduka. Lakini protini ina lisini nyingi, na ikishikwa sehemu tano kwa pamoja, bawaba yake haikunjiki tena. Hiyo ndiyo ngalawa ya kamba fupi: ipo mahali pake, na imezama. Njia ninayoiona ya busara zaidi kwa protini ile ya E. coli ni kuiongezea mwishoni mkia wa asidi amino sita za histidini. Mkia huo hushika nikeli iliyowekwa juu ya chembe za jeli, na protini inabaki imeshikwa ncha moja tu, ikifumba na kufumbua kwa raha yake.

Njia nyingine ni kuifungia ndani ya jeli yenye matundu. Glukosi ina uzito wa molekuli wa 180, inapita. Protini yenye uzito wa 33,000 haipiti. Hapa angalia unene. Muda wa molekuli kupenya jeli huongezeka kwa kipeo cha pili cha unene, kwa hiyo jeli nene mara mbili inachelewa mara nne. Na kwa kuwa uko Tanga, mahali akina mama wanapolima mwani, nikwambie kwamba karajinani, ute unaogandisha unaotolewa kwenye mwani wa kotonii, ulitumika Japani tangu miaka ya 1970 kufungia seli za bakteria viwandani. Mwani unaoanikwa ufukweni kwenu una uhusiano wa karibu na habari hii.

Turudi kwa shemeji yako. Kwa maelezo uliyonipa, kidude chake kinafanana na Eversense, cha kampuni ya Senseonics ya Maryland, Marekani. Kiliidhinishwa Ulaya mwaka 2016. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikipitisha kwa siku 90, Februari 2022 likapita toleo la siku 180, na Septemba 2024 la siku 365. Ni kichupa cha plastiki ngumu, urefu kama milimita 18 na upana milimita 3.5, ambacho mhudumu wa afya aliyefunzwa hukiingiza chini ya ngozi ya mkono kwa kupasua kidogo. Ndani mna taa ndogo, macho ya kupokea mwanga, na antena. Betri hamna. Umeme wake hutoka kwenye kifaa kinachobandikwa juu ya ngozi, kinachoupitisha kwa usumaku kama sahani ya kuchajia simu isiyo na waya, na kila baada ya dakika 5 kinachukua kipimo.

Shahidi wake si protini. Protini huchoka upesi katika joto la mwili; kidude hiki kinatumia molekuli ya kutengenezwa: anthrasini, molekuli inayong'aa, yenye mikono miwili ya asidi ya boroniki (asidi yenye boroni), uzao wa kazi aliyoifanya Seiji Shinkai na wenzake, akiwemo Tony James, huko Japani katikati ya miaka ya 1990. Boroni hupenda kushikamana na haidroksili (OH) mbili zilizo jirani, na glukosi inazo jozi za namna hiyo. Karibu na anthrasini pana nitrojeni yenye elektroni mbili zisizo na kazi, ambazo huuzima mng'ao. Glukosi ikishikwa, boroni inazivuta elektroni hizo kwake, haziwezi tena kuzima, na anthrasini inawaka rangi ya buluu. Mikono miwili ni ya lazima, kwani asidi ya boroniki yenye mkono mmoja huipenda fruktosi kuliko glukosi.

Molekuli hiyo imefungwa kwa kovalenti kwenye haidrojeli, jeli iliyojaa maji, iliyozunguka kichupa. Humo haili glukosi, haihitaji oksijeni, na sukari ikishuka inaiachia.

Hata hivyo mwili hauridhiki na mgeni. Seli za kinga humzunguka na kumwaga haidrojeni peroksaidi, ambayo huharibu ile mikono yenye boroni. Ndiyo maana kwenye kidude wameweka platini ya kuivunja peroksaidi hiyo, na kando yake pete yenye deksamethasoni ya kutuliza uvimbe. Na mwanga nao hula rangi, kama jua linavyochujua kanga iliyosahaulika kwenye kamba, ndiyo sababu taa inamulika kwa vipindi vifupi na si muda wote.

Sasa ukweli ulioniomba. Hata kidude hicho hakikumwondolea mtu kuchomwa kidole kabisa. Toleo la mwanzo lilihitaji kurekebishwa kwa kipimo cha kidole mara mbili kwa siku, na hili la siku 365 linahitaji mara moja kwa wiki baada ya wiki mbili za kwanza. Sababu unaifahamu sasa: mashahidi wanachoka, na lazima wasahihishwe kwa damu yenyewe. Tena kinasoma majimaji ya kati ya seli, si damu, na majimaji hayo yako nyuma ya damu kwa dakika kama 5 hadi 10. Sukari inaposhuka kwa kasi, dakika hizo ni nyingi. Mtu akitetemeka na kutoka jasho huku kifaa kinasema yuko sawa, aamini mwili wake na apime kidole.

Mwambie pia shemeji yako jambo hili, kwa sababu huenda akaja nyumbani likizo na kupewa doksisaiklini ya kuzuia malaria. Maelezo ya Eversense yanaonya kwamba dawa za jamii ya tetrasaiklini, na doksisaiklini ni mmojawapo, zinaweza kukifanya kisome chini ya ukweli, na kwamba mgonjwa asikitegemee akiwa anazitumia. Manitoli inayotolewa hospitalini kwa mshipa hukifanya kisome juu. Hapo mwanakemia anaona sababu mara moja: manitoli nayo ina haidroksili jirani, na boroni haina macho ya kubagua. Kabla ya safari azungumze na daktari wake kuhusu dawa nyingine.

Kwa mke wako, jibu langu ni asisubiri. Aendelee na vipimo vyake vinne na insulini yake kama alivyopangiwa. Na ukitaka kumfurahisha mwambie hivi: tayari anatumia biosensa ya kufungwa, mara nne kwa siku. Kila stripu, kile kijikaratasi cha kupimia, anayoichomeka kwenye glukomita (mashine yake ya kupima sukari) ina kimeng'enya kilichokaushwa na kushikizwa juu ya elektrodi. Huyo ni shahidi vilevile, ila anatoa ushahidi wake kwa umeme badala ya mwanga. Na kwa kuwa ni protini, joto na unyevu humharibu. Tanga kuna vyote viwili. Stripu zibaki ndani ya kichupa chake, kifuniko kikazwe mara tu baada ya kutoa moja, zisiachwe dirishani wala ndani ya gari, na joto lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye lebo. Anawe mikono na kuikausha kabla ya kuchoma. Aliyemenya embe na kupima bila kunawa atasoma sukari ya embe.

Na wanafunzi wako. Tafuta maji ya toniki yenye kwinini, ile taa ya kukagulia noti, na chumba chenye giza. Wasiitazame taa yenyewe machoni. Mimina toniki kwenye glasi mbili zilizo wazi, uzimulike: zote zitang'aa buluu. Tia kijiko cha chumvi kwenye ya kwanza na ukoroge, na kijiko cha glukosi ya dukani kwenye ya pili. Ya chumvi itafifia, kwa sababu kloridi huizima kwinini kwa kuigonga. Ya glukosi itabaki vilevile. Waulize kwa nini, uwaache wabishane: kwinini ni shahidi wa chumvi, haimjui glukosi.

Kisha ugandishe toniki kwa jelatini ya wapishi wa keki kwenye glasi nyingine mbili. Zikishaganda, juu ya moja mimina maji ya chumvi yaliyopoa. Giza litaanza juu ya jeli na kushuka polepole kwa saa kadhaa, nao watapima kwa rula limeshuka milimita ngapi kila nusu saa. Juu ya nyingine mimina maji matupu yenye matone machache ya ndimu, uyaache mpaka kesho yake. Kwinini ni molekuli ndogo na hakuna aliyeifunga kwenye jelatini. Asubuhi wakiyamulika yale maji ya juu watayakuta yana buluu.